Mapokezi ya Timu ya Shule Hupangwa Kabla ya Fainali

Muhula wa pili ndio muhula wa kandanda katika shule zetu za sekondari. Kuanzia Mei, kutoka Siakago hadi Maua, jioni haipiti bila filimbi ya mwalimu wa michezo kusikika uwanjani. Mashindano yakishaanza huenda mbio. Timu inaweza kucheza mechi yake ya kwanza ya kaunti ndogo leo, na baada ya wiki chache iko kwenye fainali ya kaunti, imefuzu kwa kanda, na wazazi wanachangishana nauli.

Mbio hizo ndizo huleta tatizo ambalo wakazi wengi wa Meru na Embu wameliona kwa macho. Shule hujiandaa kwa mechi, lakini ni nadra kupata shule iliyojiandaa kwa ushindi. Kombe likipatikana, simu zinaanza kupigwa, bodaboda zinakusanyika kwenye makutano ya barabara, basi linaondoka uwanjani giza likiingia, na sherehe ambayo vijana wameitolea jasho msimu mzima inaendeshwa na yeyote mwenye sauti kubwa kuliko wengine. Mara nyingi mambo huisha salama. Yasipoisha salama, anayeumia ni mtoto wa mtu.

Somo hili linahusu kupanga mapokezi hayo mapema, wakati ambapo hakuna anayejua kama timu itashinda.

Ngazi ambazo timu hupanda

Mashindano ya shule za sekondari husimamiwa na Chama cha Michezo cha Shule za Sekondari Kenya, KSSSA, chini ya Wizara ya Elimu. Timu huanzia ngazi za chini hadi kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha kanda, kisha taifa. Katika kanda ya Mashariki, mabingwa wa Embu na Meru hukutana na wale wa Tharaka Nithi, Kitui, Machakos, Makueni na majirani wengine. Timu zinazofanya vizuri zaidi kitaifa huenda kwenye michezo ya shule za Afrika Mashariki, inayojulikana kwa kifupi cha FEASSSA. Mwaka 2023 michezo hiyo ilifanyika Huye, Rwanda. Mwaka 2024 ikawa Mbale, Uganda. Na Agosti 2025 ikaja nyumbani Kenya, mjini Kakamega.

Mkazi anayetazama ngazi hizo ataona jambo moja kwa haraka. Katika kila hatua, timu moja au mbili husonga mbele na nyingine zote hurudi nyumbani. Kwa hiyo shule yoyote inayosafiri ina uwezekano mkubwa wa kurudi bila kombe kuliko kurudi nalo. Mpango wa mapokezi unaotegemea ushindi peke yake hautumiki mara nyingi. Unaofaa ni ule unaosema hivi: timu itarudi siku fulani, saa fulani, kwa njia fulani, na itapokewa na watu fulani, iwe imeshinda au imeshindwa.

Marekani wana desturi inayofanana na hii, ingawa wao huifanya kinyume. Kila mwaka, mara nyingi Septemba au Oktoba, shule za upili na vyuo huchagua mechi moja ya mchezo wao wa kandanda, ule wa kubeba mpira mkononi, na kuwaalika wanafunzi wa zamani warudi kuitazama. Kunakuwa na maandamano ya bendi mitaani, dansi na mataji ya heshima kwa wanafunzi waliochaguliwa. Chuo Kikuu cha Missouri hujivunia sherehe yake ya mwaka 1911 kuwa mojawapo ya za kwanza kabisa. Mataji na dansi si lazima viletwe Runyenjes au Nkubu. Lililo la maana ni kwamba tarehe yao huwekwa kwenye kalenda kabla msimu haujaanza. Polisi wanaijua, wazazi wanaijua, dereva wa basi anaijua, hata mpishi anaijua. Sisi tunasubiri filimbi ya mwisho ndipo tuanze kuuliza nani ana funguo za jikoni.

Hesabu ya saa

Hapa ndipo penye uzito, na karatasi na kalamu hutosha kuonyesha kwa nini.

Chukua mfano wa shule ya Mbeere Kaskazini iliyofika fainali ya kanda inayochezewa mjini Meru. Mechi imepangwa kuanza saa tisa alasiri. Dakika 90 za mchezo na mapumziko ya dakika 15 zinafikisha saa kumi na dakika 45. Wakitoka sare, penalti zinakula dakika nyingine 20. Kisha kuna kukabidhiwa kombe, picha, na hotuba za wageni, ambazo hakuna aliyewahi kuziona zikiwa fupi. Vijana wabadilishe nguo, wale, wahesabiwe. Basi linaondoka saa kumi na mbili na nusu jioni.

Mstari wa ikweta unapita Meru, na kwa sababu hiyo saa ya jua kuzama haibadiliki sana mwaka mzima. Ni karibu saa kumi na mbili na nusu. Hatuna jioni ndefu kama nchi za mbali na ikweta. Jua likizama, giza linafuata nyuma yake. Basi hilo basi, likiwa na vijana 40 waliochoka na wanaoimba, linaanza safari ya takriban kilomita 130 hadi Embu katika saa ileile mwanga unapoisha. Linapita Nkubu, Igoji, na linateremka kwenye daraja la Nithi katika giza totoro, kabla ya kufika Chuka. Embu linafika karibu saa tatu na nusu usiku. Siakago ni saa nne na zaidi.

Hakuna haja ya kumweleza mkazi wa sehemu hizi daraja la Nithi ni nini. Jioni ya Jumapili, Julai 24, 2022, basi la abiria lililokuwa likitoka Meru kuelekea Mombasa lilitumbukia kwenye bonde la mto huo na watu zaidi ya 30 wakafariki. Mteremko ni mrefu, kona ni kali, na gari zito lenye breki zilizopata moto halina pa kukimbilia. Wizara ya Elimu imekuwa ikikumbusha shule mara kwa mara kwamba basi lenye wanafunzi lisiwe barabarani usiku. Kwa barabara ya Meru kwenda Embu, kumbusho hilo halihitaji waraka.

Njia za kuondokana na hesabu hiyo ni tatu. Ya kwanza ni kuomba waandalizi, mapema, mechi ya timu inayotoka mbali ichezwe asubuhi. Ombi linaloandikwa wiki moja kabla husikilizwa; ombi linalopigiwa kelele siku ya mechi halisikilizwi. Ya pili ni kukata hotuba na kuondoka saa kumi na moja, jambo ambalo mkuu wa shule pekee ndiye mwenye uwezo wa kulisimamia, naye huona haya mbele ya wageni. Ya tatu ndiyo bora, nayo ni kulala. Mara nyingi timu huwa tayari zimepewa mabweni katika shule mwenyeji wakati wa mashindano. Usiku mmoja zaidi unagharimu chakula cha jioni, kifungua kinywa na posho ya dereva. Asubuhi saa moja basi linaondoka, dereva amelala, barabara inaonekana, na timu inafika nyumbani kabla ya chakula cha mchana ikiwa na uso wa kupigwa picha.

Jambo hilo la usiku mmoja liingizwe kwenye bajeti ya safari tangu siku ya kwanza. Likiachwa hadi baada ya mechi, jibu litakuwa kwamba pesa zimeisha, na basi litaondoka gizani.

Basi, bodaboda na kanta

Sheria ya Trafiki, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inataka basi la shule lipakwe rangi ya manjano. Wengi wanalijua hilo. Linalosahaulika siku ya ushindi ni kwamba kila mwanafunzi awe na kiti chake na mkanda. Basi lililokwenda na wachezaji 20, walimu 3 na wanafunzi 28 wa kushangilia lirudi na idadi hiyohiyo. Ndugu wa mchezaji, mwanafunzi wa zamani aliyekuja kwa matatu, rafiki aliyepatikana uwanjani, wote hao warudi walivyokuja. Mwalimu ahesabu watu kabla mlango haujafungwa, kwa orodha ya majina wala si kwa kutupa jicho.

Kusimama kwenye mlango, kutoa kiwiliwili dirishani na kupanda juu ya paa ni mambo yanayoanza basi linapokaribia nyumbani, kilomita mbili tatu za mwisho, kwa sababu hapo ndipo watu wamejipanga kando ya barabara. Walimu wengi hulegea hapo, wakidhani safari imekwisha. Shule zingine zimepata ufumbuzi mzuri. Basi linasimama mahali penye nafasi, kama uwanja wa kanisa au soko siku isiyo ya soko, vijana wanashuka wote, na safari ya mwisho inafanywa kwa miguu, kombe likitangulia. Mwendo wa nusu saa kwa miguu huwapa watu nafasi ya kuwaona vijana wao vizuri kuliko basi linalopita likipiga honi. Kina mama wenye vigelegele nao hupenda hivyo, maana wanapata wa kumshika mkono.

Bodaboda ni sehemu ya kila mapokezi na hakuna atakayeziondoa. Zinaweza kuwekewa utaratibu. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu, naye pamoja na mwendeshaji wavae kofia ya chuma na koti linalong'aa. Chama cha waendeshaji wa eneo kikijulishwa siku mbili kabla, mwenyekiti wake anaweza kuchagua waendeshaji kumi watakaotangulia mbele ya msafara kwa mwendo wa pole, na wengine wote wakae nyuma ya basi. Michezo ya kuinua gurudumu la mbele ifanyike kwingine. Hatari kubwa katika msafara ni pikipiki inayopenya kati ya basi na umati wa watoto waliojipanga kando ya barabara, kwa sababu dereva wa basi haioni na watoto hawaitarajii.

Kanta na malori ya kubeba mchanga hayabebi washangiliaji. Zege au mchanga ukianguka hauvunjiki shingo.

Polisi, lango na kelele

Baadhi ya wazazi hudhani kwamba kuwaarifu polisi ni kuomba ruhusa ya kufurahi. Sivyo. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inamtaka anayeandaa mkutano au maandamano ya hadhara kumjulisha mkuu wa kituo cha polisi kilicho karibu, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya tarehe yenyewe. Taarifa hiyo hutaja jina na anwani ya mwandalizi, tarehe, mahali au njia itakayopitwa, na saa, ambazo ziwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Shule inayotaka kupita katikati ya mji wa Embu, Chuka au Meru na bendi yake itafanya vyema kuandika barua hiyo. Polisi wakijua, husimamisha magari kwenye makutano. Wasipojua, hufika wakiwa na maswali.

Siku hizo 3 ndizo zinazoumbua maandalizi ya papo kwa hapo. Timu iliyoshinda Jumamosi haiwezi kuwa na maandamano halali Jumapili kama barua haikuandikwa kabla ya fainali. Kwa hiyo barua iandikwe timu inapoingia nusu fainali, ikitaja siku ya kurudi. Timu ikipoteza, mkuu wa shule anampigia simu afisa na kumwambia kwamba maandamano hayapo. Hakuna aliyepata hasara.

Kuhusu viwanja, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kaunti jukumu la shughuli na vifaa vya michezo, pamoja na kudhibiti kelele na kero nyingine za umma. Shule za sekondari zenyewe ziko chini ya serikali kuu. Tofauti hii huwachanganya wakazi wengi, ambao huenda ofisi ya kaunti kuuliza mambo ya karo na kwenda kwa ofisi ya elimu kuuliza mambo ya uwanja. Shule inayotaka sherehe kubwa katika uwanja wa umma, kama Kinoru kule Meru au Moi Stadium mjini Embu, huanzia kwa idara ya michezo ya kaunti husika. Viwanja hivyo viwili vimezoea umati. Kinoru kilikuwa mwenyeji wa Madaraka Dei mwaka 2018, na Moi Stadium mwaka 2023. Lakini umati wa sherehe za kitaifa huja na askari, vizuizi na milango mingi iliyofunguliwa kwa mpango. Umati wa shule huja na mwalimu mmoja wa zamu.

Uwanja wa shule wenye lango moja ndio wa kuangaliwa zaidi. Oktoba 2010, watu 7 walifariki katika msongamano kwenye lango la uwanja wa Nyayo, Nairobi, siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Februari 2020, wanafunzi 14 wa shule ya msingi mjini Kakamega walifariki walipokuwa wakishuka ngazi kwa pamoja kutoka madarasani. Katika visa vyote viwili hapakuwa na moto wala bomu. Watu wengi tu walipita mahali pembamba kwa wakati mmoja. Mapokezi yanapofanyika shuleni, lango lifunguliwe pande zote mbili na gari lolote lisiegeshwe hapo. Wanafunzi wawe wameketi uwanjani kabla wageni hawajaingia, na mlango wa pili, hata kama ni ule wa kupitishia kuni za jikoni, uwe umefunguliwa na mtu amesimama pale.

Pombe haihitaji maelezo marefu. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na baa hairuhusiwi ndani ya mita 300 kutoka shule. Shida huletwa na wanafunzi wa zamani wanaofika na chupa kwenye buti la gari ili wawapongeze wadogo zao. Barua ya mwaliko kwao iseme wazi, kwa sentensi moja, kwamba buti litafunguliwa langoni.

Mchezaji aliyegongwa kichwa

Katika kelele za ushindi kuna mtu mmoja ambaye husahaulika. Ni yule mlinzi aliyegongana vichwa na mshambuliaji kipindi cha pili, akakaa chini kidogo, akamwagiwa maji, akarudi kucheza. Kombe lipo mkononi na kila mtu anamsifu kwa ujasiri. Usiku anasema kichwa kinamuuma na mwanga unamkera, na wenzake wanadhani ni uchovu.

Mtikisiko wa ubongo hauonekani kwa macho. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika, kuona vitu viwili viwili, kuchanganyikiwa, kusahau mambo ya muda mfupi uliopita, au kusinzia kusiko kwa kawaida. Mchezaji anayeshukiwa kuwa nao hutolewa uwanjani na harudi siku hiyo, hata kama anasema yuko sawa. Akitapika tena na tena, akipoteza fahamu, akiwa na degedege au maumivu ya kichwa yakizidi, anapelekwa hospitali mara moja, sherehe au si sherehe. Mwalimu anayelala bwenini na timu awe na majina ya wote waliogongwa kichwa, na ayataje kwa wazazi wao timu ikifika. Hii ni sababu nyingine ya kutosafiri usiku: gizani ndani ya basi la watu wanaoimba, hakuna anayeona aliyezimia kwenye kiti cha nyuma.

Michango, picha na hotuba

Serikali kuu hutenga Sh22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, na sehemu ya fedha hizo ni ya michezo. Fedha hizo mara nyingi huchelewa, na msimu wa kandanda hausubiri. Ndiyo maana wazazi huchangishwa. Mchango wa hiari hauna kosa, mradi uwe wa hiari kweli, upitishwe na Bodi ya Usimamizi, na ulipwe kwenye akaunti ya shule wala si kwenye simu ya mwalimu. Mwalimu mwaminifu ndiye anayenufaika zaidi na utaratibu huo, maana hataulizwa maswali sokoni. Mwanafunzi ambaye mzazi wake hakutoa asitajwe wala asizuiwe kula pilau ya timu.

Picha nazo zimekuwa jambo la kisheria. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha ya mtoto hutumiwa kwa idhini ya mzazi au mlezi. Septemba 2023, afisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Fomu ya idhini inaweza kutiwa sahihi siku ileile mzazi anaporuhusu mtoto asafiri, kwenye karatasi moja. Katika chumba cha kubadilishia nguo simu zizimwe, hata za walimu.

Sasa hotuba. Kombe huvutia wageni kama siafu kwa sukari, na kila mgeni ana neno. Wachezaji walioamka alfajiri na kusafiri saa tatu husimama juani wakisikiliza mambo ya barabara na maji. Hakuna sheria inayokataza, ila adabu ya kumjali mtoto inatosha. Mkuu wa shule aandike ratiba, aitume kwa wageni siku mbili kabla, na aweke nahodha kuwa mzungumzaji wa kwanza. Kocha awe wa pili. Wengine wagawane dakika 20 zilizobaki, huku timu ikiwa imeketi kivulini na ina kikombe cha uji au chai mkononi. Julai huku kwetu ni baridi na manyunyu, na vijana wenye sare zilizolowa huhitaji blanketi kabla ya pongezi.

Timu za wasichana hupokewa kwa uzito uleule. Inasikitisha kulisema, lakini kuna shule za mseto ambazo wavulana wakishinda huchinjiwa fahali, na wasichana wakishinda hupigiwa makofi kwenye gwaride la Jumatatu. Mpango ukiandikwa kabla ya msimu, bila kujua ni nani atakayeshinda, upendeleo huo hauna pa kujificha. Safari ya wasichana iwe na mwalimu wa kike tangu kuondoka hadi mtoto wa mwisho akabidhiwe kwa mzazi wake.

Ushindi wenyewe unaweza kupingwa. Timu ikipatikana imechezesha mtu asiye mwanafunzi halali, au aliyezidi umri uliowekwa, hupokonywa nafasi, wakati mwingine baada ya fahali kuliwa. Orodha ya wachezaji, vyeti vya kuzaliwa na nambari zao za usajili katika mfumo wa Wizara vikaguliwe na Bodi kabla ya mechi ya kwanza. Jamii inayomjua kijana aliyemaliza shule miaka miwili iliyopita na leo anavaa jezi nambari 9 inao wajibu wa kusema mapema.

Basi likirudi bila kombe

Timu iliyopoteza fainali kwa penalti mara nyingi hurudi kimya kimya. Lango linafunguliwa na mlinzi, taa za jikoni zimezimwa, na mvulana aliyekosa penalti anatembea peke yake hadi bwenini. Walimu wanajua kwamba wiki inayofuata ndiyo ngumu kwake, hasa akiwa mtahiniwa wa KCSE ambaye sasa anarudi kwenye mitihani ya majaribio. Hapo ndipo mpango ulioandikwa mapema unapofanya kazi yake yote. Uji upo, kwa sababu uliagizwa. Wazazi wachache wapo, kwa sababu saa ilitangazwa. Nahodha anaongea, kwa sababu jina lake liko kwenye ratiba. Mwalimu wa ushauri nasaha anajua nani wa kukaa karibu naye.

Karatasi ya mpango isizidi ukurasa mmoja, na nakala zake ziwe kwa mkuu wa shule, mwalimu wa michezo, dereva, mwenyekiti wa wazazi, chifu na msimamizi wa wadi. Juu yake ziandikwe siku na saa ya kuondoka na ya kufika, njia, mahali basi litakaposimama, jina la hospitali iliyo karibu katika kila mji unaopitwa, na nambari hizi: 999 au 112 kwa polisi, 1199 kwa Msalaba Mwekundu, na 116 kwa mtoto aliye hatarini. Nakala ya dereva ibandikwe mbele ya usukani kabla basi halijatoka shuleni.